Mwenzako Yupo?

Ghati hakupiga hodi. Mwanamke yule, ambaye kwa miaka yote aliyokaa kambini hakuwahi kuingia nyumba ya mtu kabla hajajibiwa "karibu" kutoka ndani, Jumapili hiyo aliusukuma mlango kwa kiwiko akaingia moja kwa moja, jasho likimtiririka na kanga ya kanisani imemtelemka begani. Akamkuta Pantaleo amepiga magoti peke yake mbele ya altare yake.

Ilikuwa altare nzuri, hilo lazima lisemwe. Pantaleo alikuwa fundi seremala wa mgodi, mtu wa kuchonga nguzo za kuegemeza mwamba huko chini, na mikono yake haikujua kutengeneza kitu kibaya. Mbao zilikuwa za mninga, zimepigwa randa mpaka zinang'aa, na juu yake msalaba mdogo na mishumaa miwili. Alikuwa amefika fumbo la tatu la rozari, tena alikuwa akijisikia mtakatifu kidogo, kama ajisikiavyo mtu anayesali mahali ambapo hakuna wa kumshinda.

"Kama umeamua kusali na ukuta, sali," Ghati alisema. "Hilo ni lako, Baba Klara. Lakini huyo mzee umempa nini hata asirudi? Mtoe. Nimekuja kumchukua."

"Mzee gani?"

"Usinifanye mtoto. Donatus."

Pantaleo aligeuka angali magotini, rozari inaning'inia kidoleni. "Donatus hayupo hapa."

"Amekwenda wapi?"

"Mimi nitajuaje? Hajakanyaga hapa. Tangu niache kuja huko kwenu hajanijia hata siku moja kuniuliza hali." Sauti yake ilijaa kinyongo, maana jambo hilo lilikuwa limemkaa kooni kwa wiki mbili, na sasa alipata wa kumwambia.

Ghati alimtazama. Akatazama pembeni mwa chumba, nyuma ya pazia, hata chini ya kitanda, kana kwamba mzee wa miaka sitini angeweza kujificha huko kwa mchezo. Kisha akarudi akasimama mbele yake.

"Hajaja kabisa? Hata Ijumaa ile kabla ya Jumapili iliyopita?"

"Nimekwambia hajaja."

Mama wa watu aliweka kiganja juu ya kinywa, akajikuta ameketi sakafuni bila kutafuta mkeka.

Asiyeijua kambi ya Nyakahindi atauliza kuna nini cha kushtusha, mzee mmoja kutoonekana kwa siku chache. Ngoja nieleze. Kambi ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Geita, na mwaka huo wa hamsini na moja ilijaa watu wa kila pembe: Wasukuma wa Shinyanga kama Pantaleo, Wazinza wa Chato kama Donatus, Wakuria, Wahaya, Wasumbwa, na watu wa pwani wenye maduka yao. Kila mmoja alifuata dhahabu, na kila mmoja aliacha nyuma yake shangazi, mjomba na babu. Mtu akiugua, hakuna ndugu wa kumgongea mlango.

Ndivyo alivyokufa Januari, mchimbaji, mwaka wa arobaini na sita. Homa ilimlaza Alhamisi. Jumapili hakuonekana kanisani, na kila mtu alidhani yuko zamu. Siku ya sita harufu ndiyo iliyowaita. Wakristo wa kigango walimzika wakiwa wameinamisha vichwa kwa aibu, na Jumapili iliyofuata katekista Valerian, ambaye ndiye aliyewaongoza katika ibada wiki zote ambazo padre hakuja, akaweka sheria.

Mabenchi ya kanisa lile yalikuwa mafupi, ya watu wawili wawili. Pantaleo mwenyewe ndiye aliyeyachonga. Basi Valerian akasema kuanzia leo kila mtu ana mwenzi wake wa benchi, na huyo ndiye shangazi yake na mjomba wake. Kabla ya ishara ya msalaba, katekista angeuliza: "Mwenzako yupo?" Nao wangewekeana mikono mabegani na kujibu kwa sauti: "Yupo!" Bati la paa lilitetemeka kwa jibu hilo. Ambaye mkono wake uliangukia benchi tupu, alisema: "Hayupo." Na ikisemwa hivyo, baada ya sala hakuna aliyekwenda nyumbani kula mpaka mtu huyo ameonekana na hali yake imejulikana. Mwenzi wa benchi alitangulia mbele.

Kwa miaka mitano Pantaleo aliketi na Donatus. Mzee alikuwa amechimba mpaka kifua kikachoka, kampuni ikamwachisha kazi, mke akafa, na sasa alilima mihogo ng'ambo ya mto, peke yake, akifika kambini Jumapili kwa Jumapili tu. Aliimba vibaya kuliko mtu yeyote kati ya Geita na ziwa. Pantaleo alizoea kumwambia, "Mzee, wimbo ukikuona unakimbia," naye Donatus alicheka mpaka anakohoa, na wimbo uliofuata akaongeza sauti.

Kilichomwondoa Pantaleo kanisani ni upuuzi, na hakuna haja ya kuupamba. Yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo, na Kirie yake, yaani "Bwana utuhurumie", aliivuta kiasi kwamba watoto walilala katikati na kuamka kabla haijaisha. Alhamisi moja, katika mazoezi, Valerian alimwomba kwa upole amwachie kijana Herman aanzishe nyimbo kwa muda, "ili nawe upumzike." Pantaleo akasikia "upumzike", mengine yakapita kama upepo. Akavaa kofia yake.

"Mungu haketi kwenye benchi," aliwaambia akiwa mlangoni. "Mabenchi nayajua, nimeyatengeneza mimi. Nitasali kwangu."

Mkewe Euphrasia angalikuwapo, hasira ile isingalifika Ijumaa. Lakini Euphrasia alikuwa amekwenda kwao Ngokolo kujifungua, pamoja na binti yao Klara, na hasira ikapata nyumba nzima ya kutanda. Mpaka Jumapili altare ilikuwa tayari.

Sasa, mtu anayeondoka namna hiyo haondoki ili aachwe. Jumapili ya kwanza Pantaleo alifagia uani, akavaa suruali iliyopigwa pasi, akaweka viti viwili nje. Alijua watakuja. Alikuwa ameshatunga hata maneno ya kuwakatalia, marefu, yenye heshima na sumu kidogo. Hawakuja. Jioni za wiki hiyo aliketi akitazama njia, na aliyemtazamia hasa alikuwa Donatus, kwa sababu ndiyo sheria. Jumatatu, Jumanne, mpaka Ijumaa jua likazama. Akaviingiza viti ndani. Hata Donatus, alijiambia, hata yeye. Akapiga magoti, akasali kwa bidii ya mtu aliyeonewa.

"Sikiliza," Ghati alisema sasa pale sakafuni. "Jumapili ile ya kwanza Donatus alisema hayupo. Tukainuka wote, tuko tayari kuja. Katekista akaona haya, akatuambia tukae, huyo si mgonjwa, amenuna kwa sababu ya nyimbo, mpeni siku chache apoe."

"Alisema nimenuna?"

"Umenuna, Baba Klara, hilo hata mbuzi wanajua! Nyamaza nimalize. Donatus peke yake ndiye aliyekataa. Alisema, 'Pantaleo? Aache ibada kwa ajili ya wimbo? Ninyi hamumjui. Huyo ana homa.' Akasema nguruwe pori wanammalizia mihogo, akishaziba ua wake Ijumaa atakuja kukuona. Na Ijumaa nilimwona kwa macho yangu haya, pale kivukoni, ana mfuko wa matobolwa. Nikamwamkia, nikamwuliza, shikamoo mzee, viazi hivyo vya nani? Akasema, vya mgonjwa wangu. Nikamwambia apitie kambini nimpe na uji akuletee. Akasema hapana, jua linatua, atapita njia ya mkato."

Pantaleo aliiweka rozari sakafuni.

"Jumapili iliyofuata benchi lenu lilikuwa tupu lote. Hapakuwa na wa kusema hayupo, kwa sababu wa kumsemea wewe ni yeye, na wa kumsemea yeye ni wewe. Nasi tukacheka, Mungu atusamehe. Tukasema mzee alikwenda kumrudisha mwenzake, amerudishwa yeye. Tukasema huko mnavutana na Kirie mpaka jioni. Leo tena benchi tupu. Ndipo nikasema, huyu mzee nakwenda kumtoa kwa nguvu."

"Njia ya mkato," Pantaleo alisema.

"Ndiyo. Ile ya kwenye mashimo ya zamani."

Na hapo ndipo Pantaleo alipoigeukia altare yake, akazihesabu mbao.

Mbao zilikuwa sita. Njia ile ya mkato ilipita katikati ya mashimo yaliyochimbwa enzi ya Mjerumani, mengi yamejifukia yenyewe, isipokuwa moja lililokuwa karibu na njia, refu, lililofunikwa zamani kwa mbao za mninga. Nyasi zilikuwa zimeota juu yake, na apitaye alikanyaga bila kujua amekanyaga nini. Fundi alijua. Mninga uliokauka miaka yote hiyo bila kuguswa na mchwa hupatikana wapi tena? Ijumaa ile ya hasira, siku moja baada ya mazoezi, alikwenda na mtaimbo akazing'oa zote sita, akatupia tawi la mgunga lenye miiba juu ya mdomo wa shimo, akajiambia Jumatatu ataleta magogo afunike vizuri. Jumatatu ilipofika alikuwa anashughulika kukasirika. Na tawi likishakauka, upepo mmoja tu unatosha.

Njia ile haikuwa na mpitaji wa kila mara ila mmoja, Donatus. Ilitoka ng'ambo ya mto, ikaishia nyumbani kwa Pantaleo, pembeni mwa kambi. Haikwenda kwingine.

Aliinuka, akaupiga mshumaa kwa goti ukaanguka, wala hakuuokota. Ghati alimwuliza kitu, hakusikia. Alikuwa ameshatoka, miguu mitupu, anakimbia kwenye nyasi zilizomfika kifuani, na midomo yake ilikuwa bado inasema Salamu Maria ile aliyokatizwa, inarudia neno moja tu bila yeye kujua. Siku tisa. Ijumaa mpaka Ijumaa, na Jumamosi, na leo.

Tawi la mgunga halikuwapo.

Alilala kifudifudi ukingoni, akatia kichwa ndani. Giza, na ubaridi ukampiga usoni, na harufu ya tope. "Mzee!" aliita. "Mzee Donatus!" Sauti yake ilishuka, ikagonga, ikamrudia. Aliita tena mpaka koo likamuuma. Hakikujibu kitu. Kwenye mchongoma wa ukingoni palikuwa na kipande cha kitambaa cha kaki, upana wa kiganja. Alikijua. Alikuwa amekaa kando ya shati hilo Jumapili ngapi?

Ghati aliyemfuata alifika, akaona kitambaa, akaona shimo limeachama. Hakupiga yowe. Aligeuka akakimbia kwenda kanisani, na muda si mrefu kipande cha reli kilichokuwa kengele ya kigango kikaanza kulia, saa sita mchana, saa isiyo ya sala, kimepigwa kwa jiwe bila mpangilio kama anayepiga ana wazimu. Kambi nzima iliacha vyungu motoni.

Walikuja wote, Wakristo na wasio Wakristo. Salehe mwenye duka alikuja na mzingo wa kamba ya katani begani, mpya, haijakatwa hata pima moja. Herman alikuja na taa ya kabaidi ya mgodini. Valerian alifika wa mwisho, mtu mnene, anahema, akachungulia shimoni, kisha akatazama huku na huku kwenye nyasi kama anatafuta kitu alichokiweka mwenyewe.

"Shimo hili lilikuwa na kifuniko," alisema. "Mbao. Nilizikanyaga mimi mwenyewe Pasaka. Mbao ziko wapi?"

Pantaleo alikuwa ameketi ukingoni. Angeweza kunyamaza. Mbao huibwa, na kambi ile ilikuwa na wezi wa kutosha kubebeshwa mzigo huo mpaka mwisho wa dunia. Lakini Ghati alikuwa amesimama hapo, na Ghati alikuwa ameiona altare, na hata asingaliiona, kinywa cha Pantaleo kilikuwa kimeshafunguka.

"Ziko kwangu," alisema. "Nimetengenezea altare."

Hakuna aliyemtukana, na hilo lilikuwa baya zaidi. Watu walimtazama tu, midomo wazi, kama watu walioambiwa jambo kwa lugha wasiyoijua na sasa linawaingia neno moja moja. Mwanamke mmoja aliyekuwa karibu naye alisogea hatua mbili. Valerian aliweka mikono kichwani. "Nami niliwaambia wakae," alisema kwa sauti ndogo. "Waliinuka, nami nikawaambia wakae."

Salehe ndiye aliyesema kwa wote. "Sisi msikitini mtu asipoonekana Ijumaa, tunamwuliza kabla hatujavaa viatu. Ninyi mnaulizana kwa sauti mpaka dukani kwangu nasikia. Bado tu mmempoteza mtu siku tisa!" Alikuwa mpole siku zote, Salehe, na alikuwa na machozi. Alitengeneza kitanzi kwenye kamba, akamtupia Pantaleo miguuni. "Vaa. Unashuka wewe."

Wanaume sita walishika kamba. Pantaleo alishuka taa mkononi, mgongo ukikwaruza mwamba, na kila alipoteremka hatua moja kidirisha cha mbingu juu yake kilipungua. Alikuwa ameshuka mashimo mara elfu, hakuwahi kuogopa. Sasa aliogopa. Alichokiogopa hasa, na hili alikuja kulisema baadaye bila kuficha, ni kwamba sehemu moja ya moyo wake iliomba mzee awe amekufa, ili asimwangalie usoni. Alijisikia akiomba hivyo. Akashtuka kuliko alivyowahi kushtuka maishani mwake.

Kwenye pima ya tano miguu yake ilizama katika tope laini. Maji yalichuruzika ukutani. Aliinua taa.

Donatus alikuwa ameketi ameegemea mwamba, mguu mmoja umenyooka, mwingine umepinda mahali ambapo mguu haupindi, umevimba, mweusi. Ndevu zilikuwa zimeota nyeupe. Macho yalikuwa wazi. Pantaleo aliyatazama macho hayo bila kupumua, akingoja, mpaka yakapepesa kwa mwanga.

"Nani?" mzee aliuliza. Sauti ilitoka kama kitu kinachokwaruza chini ya mlango.

"Ni mimi. Pantaleo."

"Pantaleo." Mzee alilirudia jina polepole. "Nilisikia ukiita, nikadhani naota. Umepona?"

Pantaleo alipiga magoti kwenye tope.

"Lete kichwa," mzee alisema.

Aliuinua mkono, mkono mifupa mitupu, akauweka kwa mgongo wa kiganja kwenye paji la uso la Pantaleo, kama mama anavyompima mtoto. Ulikuwa baridi kama maji ya ukutani. Akauacha hapo kitambo.

"Homa imeisha," alisema. "Ahsante Mungu. Ilikuwa ndefu homa yako." Akameza mate ambayo hayakuwapo. "Viazi vyako nimevila. Nimebakiza kidogo, viko hapo kwenye mfuko. Maji yapo, lakini njaa, baba, ilinishinda. Unisamehe."

"Mzee..."

"Jumapili ile nilisikia reli ikilia. Kwa mbali, lakini nilisikia. Nikasema leo hawatanitafuta, kwa sababu wa kunisemea mimi ni Pantaleo, na Pantaleo yuko kitandani. Sikupiga kelele sana. Nikasema nimwombee apone, akipona atakwenda, akienda atasema. Nikawa nakuombea. Asubuhi hii ikalia tena. Nikangoja. Hakuna mtu. Ndipo nikaogopa, Pantaleo. Sikuogopa kwa ajili yangu. Nikasema, basi amekufa, na hakuna aliyekuwa naye."

Kuna maneno ambayo mtu akiyasikia hawezi kuyaacha yapite na akabaki kuwa mtu. Pantaleo angeweza kusema ndiyo, nimepona, tufunge kamba. Mzee asingejua, walau mpaka watoke juu.

"Sikuwa mgonjwa," alisema.

Mkono bado ulikuwa kwenye paji lake.

"Nilikuwa nimekasirika. Walinipokonya nyimbo, nikakasirika. Nilikaa nyumbani nikasali peke yangu. Nilisikia reli Jumapili zote, mzee, nikafunga dirisha. Na mbao za shimo hili nilizing'oa mimi. Nimetengenezea altare."

Maji yalidondoka. Taa ya kabaidi ilifanya sauti yake ya kuzomea. Mkono uliondoka usoni mwake, taratibu, ukaangukia kwenye tope, na Donatus akageuza uso akaelekea mwamba. Pantaleo aliona kifua cha mzee kikipanda na kushuka chini ya shati lililochanika, akaona shingo iliyokonda kwa siku tisa, na hakuthubutu kumgusa hata kwa kumfunga kamba. Kilio kilimjia, akakizuia, kwa sababu aliona hana haki nacho.

"Pantaleo!"

Ilikuwa sauti ya Valerian kutoka juu, imepasuka kwa hofu. Katekista hakuweza kuona kitu humo ndani wala hakuweza kusikia yaliyosemwa. Aliona mwanga mdogo tu, umesimama mahali pamoja, kimya.

"Pantaleo! Mwenzako yupo?"

Pantaleo aliinua uso. Alifungua kinywa kujibu, kikatoka pumzi tupu. Juu kule aliona vichwa vimezunguka ukingo, vidogo, vyeusi kwenye mwanga, vinangoja. Alijaribu tena. Neno lilikuwa moja, fupi, alikuwa amelisema kila Jumapili kwa miaka mitano mpaka siku aliyoamua kwamba halihitajiki, na sasa halikutoka.

"Mwenzako yupo?" Valerian aliuliza mara ya pili, na safari hii alikuwa analia.

Donatus alijisogeza. Bila kugeuza uso kutoka kwenye mwamba aliinua tena mkono wake kutoka topeni, ukapapasa hewani, ukalikuta bega la Pantaleo, ukatulia pale pale ulipokuwa ukitulia siku zote. Ulikuwa mzito kuliko alivyoukumbuka. Mzee alivuta pumzi yote iliyobaki kifuani mwake, na kwa sauti yake ile ile mbovu, ambayo wimbo ukiiona unakimbia, akajibu yeye.

"Yupo!"

Huko juu watu walilipuka, wengine kwa vigelegele, wengine kwa vilio, na Salehe akisikika anamtaja Mungu wake juu ya kelele zote. Chini, Donatus hakuuondoa mkono.

"Sasa nifunge kamba," alisema. "Anza na mguu. Polepole."